Vipimo vya Mwanzo wa Muhula

Koti lilimkataa.

Mlingoti aliingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto, akavuta kola mbele kama alivyoelekezwa, kisha akasimama wima katikati ya karakana ya ushonaji. Futi alirudi nyuma mpaka kiuno chake kikagusa meza ya kukatia, apate kumwona vizuri. Alitarajia kuona mabega yametulia na mgongo umelala. Aliona mabega ya koti yamepita mabega ya mtu yakaning'inia, na mgongoni kitambaa kimejikusanya kama pazia lililofungwa ovyo.

"Simama sawasawa," alisema.

"Nimesimama."

"Umekunja mgongo."

"Sijakunja kitu, Futi. Mgongo ndio huu."

Akamzunguka. Alibana kitambaa ubavuni, akakiachia. Akavuta kwapani, akaachia. Wanafunzi wengine wa mwaka wa mwisho walikuwa wameinamia kazi zao, cherehani zikinguruma kwa kupokezana, mvuke wa pasi ukipanda kwenye kona ya dirisha. Kesho asubuhi wasahihishaji wangeingia humu, na kila mwanafunzi angesimama na nguo yake ya kumalizia masomo, ikiwa mwilini mwa mtu aliyeshonewa. Futi alikuwa amekata sufu ya kijivu, kitambaa kizuri kuliko vyote alivyowahi kushika, na muhula mzima ulikuwa umeishia juu yake. Alikagua kola. Alikagua mikono. Hakuona kosa.

"Livue."

Akalivua. Futi akalichukua na kumvalisha sanamu ya kujaribishia nguo iliyosimama kando ya meza yake. Koti likatua mabegani mwa sanamu kama ndege aliyelizoea tawi. Halikuwa na mkunjo hata mmoja.

"Unaona?" alisema. "Koti halina tatizo."

"Basi tatizo ni mimi," Mlingoti akajibu. Alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe halikufika machoni.

Sheria ya Mwalimu ilikuwa nyepesi. Mteja ajaribishwe nguo ikiwa bado ya bandi, yaani imeshikizwa kwa mishono ya muda, ajaribishwe tena kabla ya kutiwa bitana ya ndani, ajaribishwe mara ya mwisho ikishatiwa. Lakini mtu kumwita ni kumngoja, na akija lazima azungumze, acheke, aulize kama umekula, na mchana unakwisha mkono haujapachikwa. Kwa hiyo mwanzoni mwa muhula, baada ya kumpima Mlingoti kuanzia shingo hadi kifundo cha mkono, Futi alichukua sanamu ya mbao, akaivika pamba na vipande vya blanketi kuukuu, akaifunga kwa kitambaa, akaipunguza na kuijaza mpaka kila kipimo kikalingana na cha kijana. Sanamu haichelewi. Sanamu haichoki kusimama. Redio, aliyelala naye chumba kimoja na ambaye hakujua kunyamaza, aliipa jina siku ileile: Mlingoti wa Pili.

"Shemeji, una pacha huko karakana," Redio alimwambia Mlingoti wakati wa chakula. "Tena ana bahati kukushinda. Anakumbatiwa kutwa nzima."

Walicheka wote, na Mlingoti alicheka nao.

Sasa Futi alitoa utepe shingoni, akauzungusha kifuani mwa kijana, akasoma. Akadhani umejisokota. Akaunyoosha, akapima tena. Akashuka kiunoni. Akapanda shingoni. Kila mahali utepe ulikuwa na kipande kilichobaki ambacho mwanzoni mwa muhula hakikuwapo. Ndipo akainua macho, akamtazama usoni kama ilivyompasa kumtazama tangu alipoingia. Mashavu yalikuwa yamezama. Saa ya mkononi ilikuwa imeshuka hadi kwenye kiganja.

Huyu ndiye Futi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya jicho lake. Walikuwa wakikaa ukumbi wa kulia chakula, yeye akimtazama mpita njia na kutaja kiuno chake, Redio akimkimbilia mtu wa watu na utepe kuhakikisha. Hakuwahi kukosea zaidi ya upana wa kidole.

"Umekonda," alisema.

"Eeh."

"Tangu lini?"

Mlingoti alikuwa akifunga kifungo cha shati. Akaacha. "Unaniuliza mimi tangu lini?"

"Nakuuliza wewe. Mwili ni wako."

"Tangu nilipolazwa. Homa ya matumbo. Zahanati ya chuo, kitanda cha karibu na mlango."

"Redio aliniambia una homa tu. Nilijua ni mafua."

"Ulinitumia ujumbe."

"Ndiyo, nilikutumia, nakumbuka, nilisema..."

"'Pole. Kunywa maji mengi.'" Aliutamka bila kejeli, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Nikanywa maji mengi."

Futi alikunja utepe, akaukunjua. "Mbona hukuniambia imefikia hapo?"

"Nilimtuma Redio mara ya pili. Ukamwambia unapachika mikono ya koti, na mkono ukishakaa vibaya haurekebishiki. Nikaona ni kweli. Hata mimi nikiwa nafunga pampu kwenye karakana yetu ukiniita siji." Akafunga kifungo cha mwisho. "Sikulaumu kwa siku ile. Ningekulaumu kwa siku moja, ningekuwa mtu mjinga."

Alikuwa akisema hivyo mlango uliposukumwa na mwanamke wa makamo akaingia, viatu vyeupe vya kazi miguuni, funguo za gari mkononi. Futi hakuwahi kumwona, lakini paji la uso lilikuwa lilelile.

"Gari liko tayari," mwanamke alimwambia Mlingoti. "Mizigo umefunga, au umefungwa wewe?"

"Nimefunga, dada. Naja."

"Gari gani?" Futi akauliza. "Si unaondoka baada ya mtihani? Wewe ndiye wa kulivaa kesho."

"Nilikwambia Jumapili."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unapiga bandi ya kola. Nikasema kazini wananitaka mapema, mitambo ya maji imekosa mtu, dada atakuja kunichukua Alhamisi jioni. Nikakuuliza utafanyaje na koti. Ukaitikia."

"Niliitikia nini?"

"'Mmh.' Ulikuwa na pini mdomoni."

Futi alijaribu kuikumbuka Jumapili hiyo. Aliikumbuka kola. Alikumbuka hata ncha ya kushoto iliyomsumbua. Sauti ya mtu hakuikumbuka.

"Shikamoo, dada," alisema hatimaye.

"Marahaba. Wewe ndiye Futi." Haikuwa swali. Mwanamke alisogea hadi kwenye sanamu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kola, taratibu, kama watu wenye mazoea ya kugusa vitu vinavyouma. "Kazi nzuri. Mkono wako mwepesi."

"Ahsante."

"Mimi ni muuguzi. Huyu mdogo wangu aliponiambia ana mtu, nikasema nitakuja nimwone. Nikaja, nikamkuta kalazwa, nikakaa naye pale kitandani mpaka homa iliposhuka. Kila mlango ulipofunguka ananyanyua shingo. Kikiingia chakula, ananyanyua. Akiingia mfagiaji, ananyanyua. Nilikuja nikiwa tayari kukuita wifi."

"Dada," Mlingoti akasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana nisiseme vibaya. Nimesema nilichokiona, sijaongeza chumvi." Akamgeukia Futi tena, na sauti haikupanda. "Sina ubaya na wewe, mdogo wangu. Una bidii, na mtu mwenye bidii hatukanwi. Lakini mama yetu aliniuliza, huyo binti yukoje? Nikakosa la kumjibu. Ningemwambia nini? Ana kola nzuri?"

Wasichana wawili kwenye meza ya jirani walizima cherehani, kisha wakaona aibu wakaziwasha.

"Nakusubiri kwa wenzako," dada alimwambia mdogo wake, akatoka.

Futi alishika chaki. Akamvua sanamu koti, akalitandaza mezani upande wa ndani ukiwa juu, na maneno yakamtoka kwa haraka. "Nalipunguza. Nafumua mishono ya ubavuni, natoa mikono, napandisha bega, narudisha. Ninaweza. Ukinipa jioni hii tu, nikakujaribisha saa moja, ukaondoka alfajiri..."

Mlingoti alimshika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka.

"Usilipunguze."

"Halikukai!"

"Nitanenepa. Daktari amesema mwili utarudi wote. Nakwenda kukaa kwa dada, na dada akipakua hakuulizi kama unataka, anakwambia kula." Alicheka kidogo, peke yake. Kisha akaacha kucheka. "Nitarudi kwenye vipimo vyako, Futi. Kwako ndiko sitarudi."

Chaki ilidondoka sakafuni ikavunjika. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Kwa ajili ya koti?" Futi akauliza.

"Siyo koti. Nilikuwa nikija hapo mlangoni. Hujui ni mara ngapi nimekuja, kwa sababu hukugeuka. Nakukuta umemkumbatia huyu." Alionyesha sanamu kwa kidevu. "Usicheke, sikuona wivu wa gogo. Nilikuwa natazama unavyomtazama. Unamtazama bega, unasogea, unamtazama tena, unafikiri. Nikawa najiambia, akimalizana na huyu atanitazama mimi hivyo."

"Sasa nimemaliza. Niko hapa. Limebaki pindo tu."

"Hujamaliza, mpenzi. Limebaki pindo."

Alilitamka hilo neno la mpenzi kwa sauti ya kawaida, kama alivyolitamka siku zote, na hilo ndilo lililomwumiza Futi kuliko yote yaliyotangulia. Mlingoti alichukua kofia yake juu ya meza.

"Tuko chumbani kwenu, Redio anagawa vitu vyake. Dada anamshusha kwao njiani, gari linaondoka saa kumi na mbili. Ukipata nafasi, njoo."

Akaenda. Hakupiga mlango. Aliurudisha kwa kiganja, polepole, usisumbue wanaoshona.

Mwalimu alifika meza ile dakika chache baadaye, miwani ikiwa juu ya paji la uso. Alikuwa mwanamke mfupi aliyewafundisha kukata kwa miaka mingi na kusifu kwa nadra.

"Mteja wako yuko wapi?"

"Anasafiri leo, Mwalimu."

"Na kesho?"

"Kesho hayupo."

Mwalimu alimrudishia sanamu koti kwa mikono yake mwenyewe, akalizunguka, akalivuta chini. "Aliyepatwa na dharura namruhusu kuonyesha kwenye sanamu. Hii umeijaza vizuri. Koti limekaa, utafaulu, na huenda ukafaulu kuliko wote. Lakini bitana iko wazi chini. Pindo hilo ni la mkono, si la cherehani, na mimi nafunga saa moja. Ukiinuka sasa hulimalizi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kaa."

Akakaa. Alitunga uzi, akavaa mtondoo, kile kifuniko cha chuma cha kukinga kidole, akaanza. Mshono wa pindo la bitana haupaswi kuonekana nje. Sindano inashika nyuzi mbili za sufu, inatoka, inashika bitana, inarudi. Ni kazi inayotaka utulivu, na yeye alisifika kwa utulivu. Nje, uani, masanduku ya magurudumu yalikuwa yakiburutwa juu ya changarawe. Kila sanduku lililoburutwa lilikuwa mtu anaondoka. Alishona hadi kwenye mshono wa ubavu. Akasikia mtu akiita jina la utani kutoka ghorofani, na jibu la tusi la kirafiki kutoka chini. Akashona. Kisha, kutoka upande wa mabweni, akasikia kicheko cha Redio, kile kicheko kinachoanza juu na kushuka ngazi, na akagundua kuwa tangu muhula uanze alikuwa amekisikia kwa mbali tu, kupitia dirisha hili.

Aliiacha sindano ndani ya kitambaa, uzi ukining'inia. Hakuwahi kufanya hivyo maishani. Akatoka mbio akiwa bado amevaa mtondoo.

"Jamani, mwezi umeandama!" Redio alipiga kelele alipomwona mlangoni. "Futi katoka karakana! Fungeni madirisha, asituponyoke tena!"

Chumba chao kilikuwa kimegeuka. Upande wa Redio godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, na ukutani palikuwa na miraba ya rangi mbichi mahali picha zilipokuwa. Wenzao watatu wa mwaka wao walikaa juu ya sanduku lisilokubali kufungwa. Dada yake Mlingoti alipewa kiti kimoja kilichokuwapo, akakikalia wima kama mgeni wa heshima. Mlingoti alisimama dirishani.

"Birika nakuachia wewe," Redio alimwambia Futi, akimsukumia mikononi. "Usiliunguze kama ulivyounguza lile la kwanza. Ukiweka maji, kaa karibu. Usiende kupima mtu."

"Redio, kwa nini hukuniambia?"

Redio aliangalia pembeni kuona kama wengine wanasikiliza. Walikuwa wakigombea zipu ya sanduku. Akashusha sauti, na Redio akishusha sauti mtu hujua kuna msiba. "Nilikwambia ana homa. Ukasema pole. Nikakwambia homa ni kali. Ukasema baada ya kola. Nilipaswa kukwambia anakufa, pengine ungeinua kichwa. Lakini mwenzangu, mtu unamwombea mabaya vipi ili aonekane?"

Futi alibaki na birika kifuani.

"Futi!" mmoja wa waliokalia sanduku akaita, asiyejua lolote. "Mchezo wa mwisho! Tupimie mtu tuage nao. Mpime huyo mrefu dirishani."

Redio alimkanyaga mguu, lakini lilikuwa limeshasemwa. Mlingoti akaondoka dirishani, akasimama katikati, mikono ikiwa imelegea pembeni, kama alivyosimama karakana.

"Haya," alisema. "Nipime."

Futi aliweka birika chini.

Alimtazama. Hakuharakisha. Aliona mkanda wa suruali ukiwa na tundu jipya, lililotobolewa kwa msumari na mkono usio wa fundi, na ulimi wa mkanda uliobaki ukizunguka hadi ubavuni. Aliona mfupa wa bega uliolisukuma shati kwa ndani. Aliona nyuma ya mkono wake wa kushoto, penye alama ndogo mahali sindano ya dripu ilipokaa. Aliona shingo, na kola ya shati iliyosimama mbali nayo. Aliona kwamba hata sasa alikuwa akijitahidi kusimama wima kwa ajili yake, na kwamba kusimama kwenyewe kulimchosha.

Akataja kifua. Akataja kiuno. Akataja shingo.

Redio alichukua utepe shingoni mwa Futi, akapima, midomo ikisogea. "Hajakosea," alisema. "Hata upana wa kidole."

Hakuna aliyepiga makofi. Mlingoti alikuwa akimtazama Futi kwa macho ambayo hayakuwa na hasira ndani yake, na ingekuwa rahisi zaidi kama yangekuwa nayo.

"Kumbe unaweza," alisema.

Dada aliinuka kwenye kiti. Alivuta funguo mfukoni, akazitazama, akazirudisha. "Twendeni tushushe mizigo," aliwaambia wengine. "Hawa watatufuata."

Walibaki wawili na godoro lililofungwa kamba.

"Nisubiri," Futi akasema. "Sikuombi leo. Kesho nikimaliza nitakuja. Nitakaa kwa mama yenu, nitapika, nitafua, watanijua. Nisubiri tu."

"Nilikusubiri, Futi. Nimekusubiri muhula mzima, karakana yako ni mlango wa tatu kutoka yetu. Kama ungekuwa mbali ningesema ni mbali."

"Nilikuwa nashona koti lako."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukasirika. Mtu akikuacha njaa kwa sababu anakupikia, unamgombezaje?" Alivuta pumzi. "Kesho litakuja koti lingine. Una kipaji, litakuja daima. Na mimi nimelala pale nikajua kitu kimoja: siwezi kuishi nikingojea pindo."

"Nitabadilika."

"Labda. Nakuombea. Lakini nimechoka, na daktari kaniambia nisichoke." Alijaribu kulifanya mzaha, likamkwama. Akafungua mikono.

Futi aliingia ndani yake. Alikuwa amemkumbatia mara nyingi mwaka uliopita, na vidole vyake siku zote vilikuwa vikigusana kwa ncha tu mgongoni mwake. Lilikuwa jambo la kuchekana, kwamba yeye ni mfupi na yule ni ukuta. Sasa mikono ilizunguka ikapitana. Kiganja kimoja kilikaa juu ya kingine. Alihesabu mbavu bila kutaka. Alisikia moyo wake ukipiga karibu, hapohapo chini ya shati, kana kwamba hapakuwa na kitu katikati. Akalia bila sauti, na Mlingoti akaweka kidevu juu ya kichwa chake, naye akalia, akijifuta kwa mkono ili machozi yasimdondokee.

Honi ililia chini mara moja, ikaona vibaya ikanyamaza.

Uani, Redio alimng'ang'ania Futi shingo na kumwambia maneno mengi yasiyo na mpangilio, kuhusu birika, kuhusu kuandika, kuhusu kula. Dada aliingia garini wa mwisho. Aliteremsha kioo.

"Futi. Kesho ufanye vizuri."

"Ahsante, dada."

"Sisemi kwa mdomo tu." Akapandisha kioo.

Mlingoti alikaa kiti cha nyuma, magoti yakiwa juu kwa urefu wake. Gari lilipokata kona ya lango aligeuka. Futi aliinua mkono, akaona kwamba kidoleni bado kuna mtondoo.

Karakana ilikuwa imebaki na Mwalimu peke yake, akizima pasi moja baada ya nyingine. Alimwona Futi akienda moja kwa moja kwenye sanamu, akilivua koti, akilitandika mezani. Alimwona akikata kitambaa cha nje cha sanamu kwa mkasi, kuanzia shingoni kushuka, na kuanza kuchomoa pamba.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Naisahihisha, Mwalimu."

"Kesho hiyo ndiyo itakayovaa koti. Ukiipunguza, koti litamwagika. Mkao una alama nyingi kuliko ushonaji, nilikwambia tangu mwaka wa kwanza."

"Najua."

"Basi iache."

"Wataniuliza nilimjaribisha mteja mara ngapi," Futi akasema. Alikuwa na pamba mikono yote miwili. "Nitawaambia mara moja, leo. Nitawaambia lilimkataa. Sanamu ikibaki ilivyo, itasema uongo mbele yao, na mimi nimesimama pembeni."

Mwalimu alishusha miwani machoni, akamwangalia mwanafunzi wake bora kwa muda wa kutosha kuona macho yalivyovimba. Aliweka ufunguo wa karakana kwenye pembe ya meza.

"Funga ukitoka," alisema. "Na pindo ulimalize. Hilo halina udhuru."

Alipoondoka, Futi aliendelea kupunguza. Namba alikuwa nazo kichwani, kifua, kiuno na shingo, na utepe ulikuwa shingoni mwake. Hakuutumia. Alichomoa tabaka moja la blanketi, akasogea, akaikumbatia sanamu. Vidole viligusana kwa ncha. Akarudi nyuma, akachomoa tena. Akaikumbatia. Vidole vilipishana kidogo. Akachomoa pamba ya mgongoni, ile aliyoipanga kwa uangalifu mwanzoni mwa muhula akiimba, akaiacha idondoke miguuni. Akaikumbatia tena, na safari hii kiganja kimoja kikakaa juu ya kingine, palepale. Akaacha.

Aliivalisha koti. Mabega yakaning'inia. Akafunga vifungo vyote, akapita nyuma, akashika kitambaa kilichozidi mgongoni. Kikajaa ngumi.

Pini za kukibania kitambaa hicho zilikuwa pale, kwenye kisahani. Hakuchukua hata moja. Alipiga magoti chini ya koti, akaitafuta sindano pale alipoiacha, akaendelea na pindo.